Mnyororo, kibanio, ombwe au nyundo: zana ipi ya kuondolea zege zito kwenye saiti za Tanga?

Kwa anayeondoa zege zito katika mji wa Tanga, swali la kwanza kuulizwa karibu kila saiti ni la uzito: slabu hii ina tani ngapi, na mashine iliyopo inabeba tani ngapi. Swali hilo ni la lazima, lakini katika miaka niliyosimamia kazi za mitaro, makalvati na misingi kati ya Ngamiani na Pongwe nimeona kwamba peke yake halitoshi kuchagulia zana. Slabu mbili zenye uzito sawa zinaweza kuhitaji zana mbili tofauti kabisa, kwa sababu moja ni mpya, imekomaa vizuri na ina uso laini, ilhali nyingine imelala miaka mingi karibu na bahari, nondo zake zimeliwa na chumvi na uso wake umejaa nyufa. Kwa hiyo ulinganisho huu ninauanzia kwenye hali ya zege lenyewe na matumizi yake baada ya kuondolewa: litarudishwa mahali pake, litahamishiwa kwingine likiwa zima, au litapakiwa kwenye tipa kama kifusi?

Uzito hupatikana kwa hesabu fupi. Zege lenye nondo huchukuliwa kuwa na takriban kilo 2,500 kwa kila mita moja ya ujazo. Slabu ya kalvati yenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na unene wa sentimita 20 ina mita za ujazo 1.2, kwa hiyo uzito wake ni tani 3. Msingi wa nguzo wenye mita moja na nusu kila upande na kina cha mita moja unapita tani tano na nusu, ingawa ukiutazama kwa juu unaonekana kitu kidogo. Mfuniko wa mtaro wenye mita 1.2 kwa sentimita 80, na unene wa sentimita 15, una kilo 360, na hapo ndipo vijana wanane wenye mitaimbo hujiumiza migongo kwa kudhani kwamba kazi hiyo haistahili mashine.

Kuna uzito mwingine usioonekana kwenye hesabu hiyo. Slabu iliyolala kwenye tope hushikwa na tope hilo, na wakati wa kuing'oa mashine hubeba slabu pamoja na mvuto wa chini yake, hadi pale mvuto unapoachia ghafla na mzigo kuruka. Baada ya masika, mitaro ya Ngamiani ikiwa imejaa matope, mimi sikubali mzigo unyanyuliwe kabla ukingo mmoja haujainuliwa kwa jeki au mtaimbo ili hewa na maji vipite chini. Hata zege jipya linalotolewa kwenye kalibu hung'ang'ania mbao, na mbao zisizopakwa mafuta hung'ang'ania zaidi.

Mnyororo na ndugu zake

Mnyororo wa kunyanyulia ndio chaguo langu la kwanza kwa slabu itakayobaki nzima. Unastahimili kingo kali za zege kuliko zana yoyote nyingine ya kufungia, jua haliuharibu, na kasoro zake huonekana kwa macho. Mkanda wa nailoni au poliyesta ni mwepesi na hauchubui uso wa zege, na rangi yake humwambia mfungaji uwezo wake: wa kijani ni tani 2, wa njano tani 3, mwekundu tani 5. Lakini ukingo wa slabu iliyokatwa kwa msumeno unaukata mkanda kama kisu kinavyokata kamba ya katani, na mkanda uliozoea kuachwa juani huchoka bila kuonyesha dalili kubwa. Nitautumia kwa zege jipya lenye uso wa kupendeza, pamoja na vilinda kingo, na si vinginevyo. Kamba ya waya iko katikati: ina nguvu na bei yake ni nafuu, ila hewa ya bahari huingia kati ya nyuzi na kutu huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Waya uliokaa msimu mzima bila grisi katika ghala la Raskazone, ufukweni, hauwezi kulinganishwa na waya kama huo uliotunzwa Korogwe, mbali na bahari, hata kama vyote vilinunuliwa siku moja.

Mnyororo unaofaa ni wa gredi 80 (daraja la nguvu ya chuma chake) au zaidi, wenye kibati kinachoonyesha unene, idadi ya miguu, yaani vipande vya mnyororo vinavyoning'inia kutoka pete moja ya juu, na mzigo unaoruhusiwa. Mnyororo wa kufungia mizigo kwenye lori si mnyororo wa kunyanyulia, na mnyororo usio na kibati ninauhesabu kuwa chuma chakavu hata kama unang'aa. Kwa gredi 80, mguu mmoja wa milimita 8 unaruhusiwa kubeba tani 2, wa milimita 10 tani 3.15, na wa milimita 13 tani 5.3.

Hesabu ya miguu miwili ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu mtu hudhani kwamba miguu miwili ya tani 2 inabeba tani 4. Inategemea pembe. Chukua ile slabu yetu ya tani 3. Miguu miwili ikifanya pembe ya nyuzi 60 na uso wa slabu, kila mguu hubeba takriban tani 1.7. Ukifupisha minyororo hadi pembe iwe nyuzi 30, kila mguu hubeba tani 3 kamili, yaani kila mmoja unafanya kazi kana kwamba mwenzake hayupo. Ndiyo maana mnyororo wa miguu miwili wa milimita 8, ambao kwa kawaida huandikwa tani 2.8 kwenye kibati chake kwa pembe isiyolala zaidi ya nyuzi 45, haufai kwa slabu hiyo, ilhali ule wa milimita 10, unaoandikwa tani 4.25, unafaa na kubakiza nafasi. Miguu minne nayo haigawani mzigo sawasawa zege likiwa gumu na lisilopinda. Miwili ya kona zinazokabiliana inaweza kubeba karibu mzigo wote huku mingine miwili ikining'inia tu. Kwa sababu hiyo, kwa zege mimi huhesabu miguu miwili hata kama minne imefungwa.

Sasa mnyororo ufungwe wapi? Kwangu mimi jambo hili lina uzito kuliko uchaguzi wa mnyororo wenyewe, na nililijua kwa njia mbaya. Tulikuwa tunafungua kalvati la zamani katika mojawapo ya barabara za namba za Ngamiani, siku chache kabla ya masika kuanza. Slabu ilikuwa na pete nne za nondo zilizoachwa na waliolijenga. Pete zilionekana nzima, zimepakwa lami, na kijana mmoja saidia fundi aliniuliza, "Mzee, tupige kulabu hapa hapa?" Nikamjibu kwamba tupige. Slabu ilipanda kama nusu mita, kisha pete moja ikakatika pale inapoingia kwenye zege, slabu ikazunguka na kuuvunja ukuta wa mtaro. Opereta aliukaza mkono wa mashine bila kuusogeza, na yule kijana aliyeshika kamba ya kuongozea alikuwa amesimama mbali, kwa hiyo hakuna aliyeguswa. Niliokota kipande cha pete. Ilikuwa nondo ya milimita 12, lakini mahali ilipokatikia, chuma safi chenye kung'aa kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti, na kilichobaki kilikuwa kutu iliyobanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Kosa lilikuwa langu mimi niliyejibu swali lile bila kuinama kutazama.

Tangu siku hiyo pete za zamani sizitumii kwa slabu yoyote iliyomwagwa karibu na chumvi. Badala yake slabu hutobolewa matundu mawili au manne kwa mashine ya kutoboa zege, mbali na kingo, mnyororo ukapitishwa na kufungwa kwa kipande kinene cha chuma upande wa chini, au slabu ikazungushiwa mnyororo mzima ikiwa kuna nafasi ya kuupitisha. Kazi hiyo inakula muda, lakini ndiyo inayomwezesha fundi kujua mzigo umeshikwa na nini. Kwa slabu mpya zinazomwagwa saiti au kiwandani, tofauti ni kubwa: nanga maalumu za kunyanyulia huwekwa ndani ya zege kabla halijamwagwa, na slabu hainyanyuliwi hadi zege lifikie nguvu inayotakiwa na mtengenezaji wa nanga, mara nyingi megapaskali (kipimo cha nguvu ya zege) 15 au zaidi. Asiyetaka kusubiri siku hizo huiona nanga ikitoka na bakuli la zege lililovunjika.

Mashine inayoning'iniza mnyororo

Saiti nyingi za Tanga hazina kreni. Zina ekskaveta, ambayo wengi huiita kijiko. Inaweza kunyanyua zege vizuri kabisa iwapo ina tundu au kulabu ya kunyanyulia iliyowekwa na mtengenezaji, jedwali la mizigo ndani ya kibanda, na vali za usalama zinazouzuia mkono usianguke mpira wa hidroli ukipasuka. Kuuning'iniza mnyororo kwenye meno ya baketi hakuna ulinganisho wa kukuhalalisha: mnyororo huteleza kwenye jino opereta anapokunja baketi, na hakuna kibati wala jedwali linalohesabu hali hiyo.

Jedwali lenyewe lisomwe kwa uangalifu. Takwimu zake kwa kawaida hazizidi asilimia 75 ya mzigo unaoweza kuipindua mashine, au asilimia 87 ya nguvu ya hidroli, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili, na zinahesabiwa mashine ikiwa imesimama kwenye ardhi ngumu iliyo sawa. Mkono ukinyooshwa au kibanda kikigeuzwa kukaa pembeni mwa minyororo ya kutembelea, uwezo hushuka sana. Uzito wa baketi na wa kifungio cha haraka kinachoishikilia baketi mkononi mwa mashine, kama havikuhesabiwa kwenye jedwali, nao hupunguzwa. Tena kuna tofauti kati ya kunyanyua na kutembea na mzigo: ekskaveta inayovuka mashimo ikiwa na slabu inaipa minyororo ya kunyanyulia na nanga mishtuko inayoweza kuufanya mzigo uwe kana kwamba umezidi maradufu. Ikiwa slabu lazima isafiri mita 50, ni bora ipakiwe kwenye lori.

Kibanio cha mkasi

Kibanio cha mkasi hubana zege kwa uzito wa zege lenyewe: mzigo ukivuta chini, mikono ya mkasi hukaza ndani. Kwa mawe ya kingo za barabara, vizuizi vya zege na mabomba makubwa, hakuna kinachokishinda kwa kasi, kwa sababu hakihitaji tundu, pete wala mtu wa kuingiza mkono chini ya mzigo. Jiwe moja la kingo lenye urefu wa karibu sentimita 92 lina kilo 70 hivi, na vijana wawili wenye kibanio cha mikono hulipanga wakiwa wamesimama wima, ilhali wasio nacho huinama mamia ya mara kwa siku. Nikiwa na mkandarasi mdogo mwenye fedha za zana moja tu, nitamshauri aanze na hicho cha mikono.

Udhaifu wake ni kwamba hutegemea msuguano. Pande mbili zinazobanwa ziwe sambamba, unene uwe ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibanio, na mpira wa taya uwe haujalika. Zege lililotolewa mtaroni lina utelezi wa kijani ambao mpira haushiki; lisuguliwe kwa brashi na maji, likaushwe, ndipo libanwe. Zege lililooza pembeni nalo humeguka ndani ya taya. Kwa mnyororo slabu yenye ufa inaweza kufungwa kwa kuzungushwa chini, lakini kwa kibanio ufa ule ule ndio unaoiangusha. Mzigo uliobanwa usinyanyuliwe juu kuliko inavyohitajika, na usipitishwe juu ya kichwa cha mtu hata kwa hatua moja.

Ombwe

Kinyanyuzi cha ombwe kinavutia, na wauzaji hukisifu kwa haki kwa kazi ya kupanga slabu mpya za sakafu na vipande vya kupamba. Pampu huondoa hewa chini ya bamba lenye mpira, na shinikizo la hewa ya nje, ambalo huku pwani ni karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba, hulikandamiza bamba kwenye zege. Kwa ombwe la asilimia 60, bamba la sentimita 50 kwa 50 linashika kinadharia kilo 1,500, na ukiligawa kwa kigezo cha usalama cha 2 unabaki na kilo 750. Hesabu hiyo inasimama juu ya zege lisilopitisha hewa. Zege la zamani la Tanga, lenye nyufa na vitundu, hulivujisha ombwe, na nimeona sindano ya geji ikishuka taratibu huku slabu ingali hewani. Kwa kazi ya kuondoa sikishauri. Kwa kazi ya kuweka slabu mpya laini, kikiwa na tangi la akiba na king'ora cha kutahadharisha, ni kizuri.

Nyundo, taya na kidole gumba

Zege lisilohitajika tena halina sababu ya kunyanyuliwa zima. Nyundo ya hidroli inayofungwa kwenye ekskaveta hulivunja, kidole gumba cha chuma kinachokabiliana na baketi huokota vipande, na taya za kusagia hutenganisha zege na nondo ili nondo ziuzwe chakavu na kifusi kitumike kujazia. Kwa msingi ule wa tani tano na nusu, kuuvunja karibu kila mara ni rahisi kuliko kuukodishia kreni. Ikumbukwe tu kwamba zege lililovunjwa huvimba, likachukua nafasi kubwa kwa karibu nusu zaidi, kwa hiyo safari za tipa zihesabiwe kwa ujazo wa kifusi na si wa msingi uliokuwapo.

Baketi yenye kidole gumba ni zana ya kuokotea, haichukui nafasi ya mnyororo. Inashika kipande cha nusu tani kwa usalama mradi hakuna mtu ndani ya mzunguko wa mashine, lakini haipasi kushikia slabu ambayo fundi amesimama karibu kuielekeza. Kucha zenye meno mengi hushika vizuri zaidi vipande visivyo na umbo, na kwa kifusi kingi chenye nondo zilizojikunja zinazidi kidole gumba kwa mbali.

Nyundo ina gharama isiyoandikwa kwenye ankara ya kukodisha, nayo ni mtikisiko. Nyumba za zamani za Ngamiani, zenye kuta za miti na udongo au za mawe ya matumbawe, ziko hatua chache kutoka mitaroni. Siku nzima ya nyundo kwenye slabu ya kalvati hupeleka mtetemo hadi kwenye kuta hizo, na mwenye nyumba atakayetoka na kusema, "Mwanangu, ukuta wangu haukuwa na ufa huu asubuhi," mara nyingi atakuwa anasema kweli. Katika mitaa hiyo nachagua kulikata zege kwa msumeno wa almasi katika vipande vya tani moja moja, kuvitoboa na kuvinyanyua kwa mnyororo, hata kama kazi inachukua siku mbili badala ya moja. Katika eneo la wazi la kiwanda huko Pongwe, au kwenye barabara ya nje isiyo na nyumba jirani, nitachukua nyundo bila kusita. Kote kuwili maji yamwagwe wakati wa kukata na kuvunja, kwa kuwa vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu bila kurudi nyuma, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii.

Nikipewa fedha

Kwa kampuni ndogo yenye fedha za zana zaidi ya moja, inayofanya kazi za halmashauri na za watu binafsi hapa Tanga, ningenunua kwanza mnyororo wa gredi 80 wa miguu miwili, milimita 10, wenye vifupishio na kulabu zenye kufuli. Kisha vibanio viwili vya mikono. Mashine ya kutoboa zege ingefuata, kwa sababu bila tundu mnyororo hauna pa kushika. Nyundo ya hidroli na taya ningekodi pamoja na ekskaveta kwa siku zinazohitajika, na kinyanyuzi cha ombwe ningekisubiri hadi nipate kazi kubwa ya slabu mpya. Vifaa vyote vya kunyanyulia viwe na cheti cha ukaguzi kinachosomeka, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mnyororo uliorefuka au pete yake kulika hadi kupoteza asilimia 10 ya unene uondolewe saiti kabisa, ukatwe vipande ili usirudishwe na mtu mwingine.

Katani yetu nayo ina nafasi yake kwenye kazi hii, lakini si ya kubeba. Kamba ya katani yenye mita 6 hivi, iliyofungwa kwenye kona ya slabu, inamwezesha kijana kuuongoza mzigo akiwa mbali nao, mikono yake ikiwa na glovu na kamba ikiwa haijazungushwa kiganjani, ili mzigo ukizunguka aiachie tu na kurudi nyuma.